Kugeuza Starlet Kuwa Gari la Dragi Nakuru: Anzia Kwenye Tairi, Tabo Ije Mwisho

Mita 402, urefu wa mbio za dragi za mstari mnyoofu, huonekana fupi mpaka uzikimbie na gari dogo linalovutwa na magurudumu ya mbele, tena katika mji ulio takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, tairi za mbele zinateleza, na gia boksi iliundwa kupeleka watoto shule. Wengi huanza kwa kutafuta tabo, ile feni inayosukuma hewa ya ziada ndani ya injini. Hapa tunaanza chini, kwenye lami, kwa sababu nguvu ambayo tairi haiwezi kuishika huishia kuwa moshi na bili ya sivijointi, kiungo cha shafti inayozungusha gurudumu la mbele.

Gari la mfano ni Toyota Starlet, EP82 au EP91, kwa kuwa ni jepesi, limezagaa, na kila fundi wa jua kali analifahamu. Mwenye Vitz, March au Civic ya zamani atafuata hatua zile zile na kubadilisha namba tu.

Hatua ya 1: Piga hesabu kabla ya kushika spana

Kuna kanuni ya zamani ya dragi inayokaribia ukweli vizuri. Chukua uzito wa gari pamoja na dereva kwa kilo, ugawanye kwa nguvu farasi, tafuta kipeuo cha tatu cha jibu, kisha zidisha kwa 7.6. Unapata sekunde za mita 402.

Chukua EP91 yenye injini ya 4E-FE isiyo na tabo. Kiwanda kiliipa takriban farasi 85, lakini hizo ni za pwani. Nakuru shinikizo la hewa ni takriban kilopaskali 81 badala ya 101, kwa hiyo injini inayovuta hewa yenyewe hupoteza karibu humusi ya nguvu zake. Zinabaki farasi kama 70. Kwa kilo 950 pamoja na dereva, jibu ni sekunde 18.1. Ukitoa kilo 100 unafika 17.5. Ukipata farasi 119 kwa uzito ule wa kwanza unafika 15.2, na farasi 170 zinakupeleka 13.5.

Kanuni hii inachukulia kwamba gari limeondoka vizuri. Basi, hesabu ikisema 15.2 na saa ikasema 16.3, usiguse injini. Sekunde hiyo imepotelea kwenye mita 20 za kwanza.

Kisumu, kwenye takriban mita 1,130, hupungukiwa kidogo kuliko Nakuru, ila joto la mchana la nyuzi 30 hurudisha sehemu ya hasara hiyo. Eldoret, juu ya mita 2,000, hali ni mbaya zaidi. Gari lililotyuniwa Kisumu likipandishwa Eldoret bila kuguswa, usishangae likipitwa na lililokuwa nyuma yake wiki iliyopita.

Hatua ya 2: Gari lenyewe na makaratasi

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8, kwa hiyo Starlet nzima kutoka Japani sahau. Utanunua ya hapa hapa, na injini, gia boksi na vikorokoro vingine utavipata kama mitumba iliyopitia Mombasa.

Kagua kutu sehemu tatu: juu ya shoki za mbele, chini ya trei ya betri ambako asidi huvuja, na pale boriti ya nyuma inapofungwa kwenye bodi. Kutu ya mlangoni ni sura tu. Kutu ya juu ya shoki ina maana kwamba siku utakayoondoka kwa nguvu bodi itapinda na usukani utavuta upande mmoja.

Ukibadilisha injini, namba yake haitalingana tena na ya logbuku. Peleka mabadiliko hayo NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na gari likaguliwe, la sivyo utakuwa na gari usiloweza kuuza wala kutetea mbele ya askari. Bima nayo, kubwa au ya mtu wa tatu, kwa kawaida haihesabu mashindano. Na kwa kuwa kuna anayefikiria jambo hilo: barabara ya Nairobi, ya Njoro na ile ya kwenda Salgaa si viwanja vya majaribio. Mbio kwenye barabara ya umma ni kosa chini ya Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, na malori ya huko hayana subira. Tafuta siku iliyoandaliwa, yenye ruhusa ya maandishi ya mwenye uwanja, ambulensi na watu wa kuzima moto.

Hatua ya 3: Punguza uzito, lakini mahali pake

Toa kiti cha nyuma, tairi la akiba na jeki, zulia, spika, na lami ya kuzuia kelele iliyobandikwa sakafuni. Lami hiyo hutoka vizuri ikipoa. Weka barafu kavu (ya kaboni dioksidi iliyoganda) juu yake dakika 10, kisha igonge kwa nyundo ya mpira, itapasuka vipande. Ukiipasha moto utabaki na uji mweusi kwenye vidole wiki nzima.

Kosa linalorudiwa kila mahali ni kuhamishia betri kwenye buti. Aliyelianzisha aliliona kwenye gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, na huko lina maana. Starlet inavutwa na mbele. Kila kilo unayoitoa juu ya magurudumu ya mbele ni kilo ya kushika lami uliyoitupa. Betri ibaki pale pale, ifungwe kwa chuma badala ya mpira wa baiskeli.

Usikate vyuma vya ndani ya milango wala boriti za bodi. Vinashika kilo chache na ndivyo vinavyokulinda ubavuni.

Hatua ya 4: Tairi na presha

Gari linapoondoka, uzito huhamia nyuma. Kwa Starlet ya kilo 950, yenye mita 2.3 kati ya ekseli mbili, kuondoka kwa kasi ya wastani wa dragi hutoa kati ya kilo 80 na 90 kutoka magurudumu ya mbele. Yaani pale unapohitaji kushika lami kuliko wakati wowote, ndipo mbele inapokuwa nyepesi. Hii ndiyo shida kuu ya gari dogo la aina hii, na hakuna tabo inayoitatua.

Mbele weka tairi mbili za semi-sliki (za mpira laini wenye mikato michache), saizi ya 195/50R15. Kimo chake ni karibu sawa na 185/60R14, kwa hiyo gia hazibadiliki sana. Rimu ziwe na bolti 4 kwenye duara la milimita 100, na tundu la kati la milimita 54.1. Tundu likiwa kubwa zaidi, weka ringi za kujazia, maana rimu isiyokaa katikati hutetemesha usukani na utaanza kulaumu sivijointi isiyo na hatia. Nyuma weka tairi nyembamba za kawaida.

Presha (kwa psi): nyuma 40, ili tairi zibingirike kirahisi na zisibonyee. Mbele anza na 26, shuka mbili mbili hadi 20, ukiandika muda wa kila jaribio. Chini ya 20, tairi ya kawaida ya mtaani huanza kujikunja pembeni na kushika vibaya zaidi. Soma alama yake lamini: mstari mweusi katikati tu, presha imezidi, mistari miwili kandoni, imepungua.

Hatua ya 5: Zuia gari lisikae chini

Springi za nyuma ziwe ngumu kuliko za kiwanda na shoki za nyuma zisiwe zimechoka. Lengo ni makalio ya gari yasizame. Mbele usiguse sana.

Mafundi wengi hukata springi ili gari likae chini. Usikubali. Gari likishuka zaidi ya milimita 30 hivi, shafti za mbele huanza kulala kwa pembe kali kuelekea juu, na sivijointi iliyopinda hivyo hubeba nguvu ndogo kuliko iliyonyooka. Magurudumu ya mbele yakivuta kwa nguvu hujibana kuelekea ndani, kwa hiyo kwenye mashine ya alaimenti omba yafunguke nje milimita 1 hadi 2, na yasimame wima kabisa. Ile pembe ya kuinamisha magurudumu ndani inayopendeza kwenye picha hupunguza mpira unaogusa lami.

Hatua ya 6: Maunti, klachi, shafti na difu

Hapa ndipo magari hufia, tena kwa mpangilio unaotabirika.

Maunti, ile mipira inayoshikilia injini, zikichoka huruhusu injini kurukia nyuma unapoachia klachi. Tairi inashika, inateleza, inashika tena, mara kadhaa kwa sekunde, na gurudumu linaanza kurukaruka. Kila mruko ni nyundo juu ya sivijointi. Ukisikia gari linadunda tu-tu-tu linapoondoka, achia mafuta papo hapo. Ukiendelea kukanyaga, unanunua shafti.

Maunti ngumu za mashindano ni adimu huku. Njia ya gharama nafuu ni kujaza matundu ya maunti za kawaida, zilizo bado nzima, kwa gamu ya poliyurethani inayobandika vioo vya gari. Safisha maunti kwa petroli, ikauke, funga upande mmoja kwa selotepu, jaza kidogo kidogo pasipo mapovu. Gamu hii hukauka kwa unyevu wa hewa, milimita chache kwa siku, kwa hiyo mpe siku 7 kamili. Anayeifunga kesho yake hukuta ndani bado ni uji. Jaza ya mbele na ya nyuma, zinazozuia injini kujizungusha. Zile za pembeni zinazobeba uzito ziache laini, la sivyo meno yako yatagongana kila taa nyekundu.

Klachi ya kiwanda ya 4E-FE haitamudu injini ya tabo. Chukua ya Starlet GT au Glanza (EP82 na EP91 za tabo) yenye sahani ya kukandamiza ngumu zaidi, na diski ya kawaida ya mviringo mzima. Diski zile za vipande vinne au sita zinavutia, ila hukamata ghafla kama swichi, na kwenye gari dogo mshtuko huo wote unaishia kwenye shafti. Klachi inayoteleza kidogo kwa nusu sekunde ni rafiki wa gia boksi. Peleka flaiwili ikasawazishwe uso kabla ya kufunga, na ubadilishe beringi ya klachi wakati huo huo. Kazi ya kushusha gia boksi mara mbili ni adhabu.

Gia boksi: usiweke injini ya tabo kwenye boksi ya gari lisilo na tabo. Tafuta C52 ya EP82 GT au C56 ya Glanza, pamoja na shafti zake mbili. Uliza zije zote kwa muuzaji mmoja, kutoka gari moja.

Difu, inayogawa nguvu kwa magurudumu mawili, ikiwa ya kawaida hupeleka nguvu kwenye gurudumu linaloteleza. Gurudumu hilo likizunguka kasi huku jingine limesimama, vigia vidogo ndani ya difu huzunguka juu ya pini moja nyembamba, oili inatupwa nje, pini inashika moto na kukatika, na vipande vinatoboa ganda la gia boksi. Ndiyo maana mtu aliyechoma tairi moja kwa kujionyesha hukuta boksi imepasuka wiki mbili baadaye bila kujua kwa nini. Dawa ni difu ya LSD, inayozuia gurudumu moja kuteleza peke yake. Kuchomea difu kwa weldingi, jambo ambalo wengine hulifanya kwa magari ya nyuma, kwenye gari la kuvutwa mbele hufanya usukani upigane nawe na kukata shafti kwenye kona ya kwanza ya kurudi pedoki, eneo la kuegesha magari ya mbio.

Tumia oili ya gia ya 75W-90, daraja la GL-4.

Hatua ya 7: Injini, hatimaye

Unaponunua 4E-FTE ya mtumba, injini ya tabo ya GT na Glanza, pima kompresheni ikiwa bado kwa muuzaji. Toa plagi zote, chomoa umeme wa injekta, fungua throtoli yote, zungusha kwa betri iliyojaa mapigo matano. Hapa watu wa Nakuru hudanganyika: kitabu kimeandikwa kwa namba za usawa wa bahari, na huku kipimo husoma pungufu karibu humusi kwa sababu injini inavuta hewa nyepesi. Usikatae injini nzuri kwa kusoma namba ya Mombasa. Kinachohukumu ni tofauti kati ya silinda. Zaidi ya ba 1 (bar, kipimo cha shinikizo) kati ya ya juu na ya chini, iache.

Usifunge tabo kwenye 4E-FE ukidhani ni injini ile ile. Ujazo ni mmoja, sentimita za ujazo 1,331, lakini kompresheni ya 4E-FE ni 9.6 kwa 1 na ya 4E-FTE ni 8.2 kwa 1. Kwa super ya kawaida ya Kenya, ya oktani 93, pistoni za 9.6 chini ya tabo huanza kugonga mapema, yaani mafuta hulipuka ovyo ndani ya silinda, na kugonga huvunja ukingo wa pistoni kati ya ringi. Kama hutaki tabo kabisa, basi mwinuko unakupa zawadi ndogo: hewa nyepesi hupunguza kugonga, hivyo injini inayovuta hewa yenyewe inaweza kupandishwa kompresheni kidogo kuliko ingewezekana pwani.

Sasa hesabu ya tabo. Kiwanda kiliipa 4E-FTE farasi 135 na tabo ndogo ya CT9 inayosukuma takriban ba 0.65. Geji yako inasoma juu ya hewa iliyopo, si kuanzia sifuri. Pwani, hewa ya ba 1 na kidogo ukijumlisha 0.65 ni takriban ba 1.66. Nakuru ni 0.81 jumlisha 0.65, yaani 1.46. Geji inasoma sawa na farasi 16 hivi hazipo. Ndizo zile 119 za Hatua ya 1.

Mtu atasema, basi pandisha hadi 0.85 urudishe zilizopotea. Inawezekana, ila tazama gharama yake. Pwani tabo ilizidisha shinikizo takriban mara 1.64. Huku italazimika kuzidisha zaidi ya mara mbili. Hewa ya nyuzi 25 inayoingia hutoka kwenye tabo ikiwa karibu nyuzi 95 katika hali ya kwanza, na karibu 130 katika ya pili, hata kabla hujahesabu kwamba tabo ndogo ikizidishwa hufanya kazi ovyo. Hewa hiyo moto ndiyo inayoleta kugonga. Kwa hiyo 0.85 iwe kikomo chako kwa CT9, na pesa ya kwanza iende kwenye intakula, kipoza hewa inayotoka kwenye tabo.

Intakula ya kiwanda imelala juu ya injini chini ya tundu la boneti. Kwenye foleni ya dragi gari linasimama dakika 10 au 15, joto la injini linaipika, na unapoondoka ni jiko. Ihamishie mbele ya radieta. Kwa injini hii chukua ndogo ya unene wa milimita 60 hivi. Kubwa mno humeza hewa na kuchelewesha tabo, ambayo huku tayari inachelewa kuamka. Paipu ziwe za milimita 50, na kila kiungo kifungwe kwa klempu ya bolti, maana zile za skrubu huteleza.

Anayetaka farasi 170 aachane na CT9. Kinachopatikana kwa urahisi kwenye vituo vya kuvunjia magari ni TD04 ya Subaru Forester au Impreza ya tabo. Inahitaji manifoldi ya kutengenezwa, mirija ya maji na oili, na bomba la kurudisha oili linaloshuka moja kwa moja bila kona. Oili inarudi kwa uzito wake tu. Ikikuta kona inapanda ndani ya tabo, inavuja kwenye sili, na utaona moshi wa bluu ukidhani ringi zimekwisha.

Mafuta yafuate nguvu. Kadiria sentimita za ujazo 6.3 kwa dakika kwa kila farasi mmoja wa injini ya tabo, na usizitumie injekta zaidi ya asilimia 85 ya uwezo. Injekta nne za kiwanda, za takriban 295, zinatosha farasi kama 160 na basi. Kwa 170 unahitaji zisizopungua 320. Nunua 360 au zaidi, pampu mpya, na kompyuta ya injini inayoweza kutyuniwa. Pampu ipewe waya wake mnene kutoka betri kupitia rilei. Waya wa kiwanda wa miaka zaidi ya 25 hupoteza volti njiani, pampu inapungukiwa mwishoni kabisa mwa gia ya tatu, na injini inakauka mafuta mahali pabaya kuliko pote.

Kompyuta ya kiwanda ina ulinzi: shinikizo likizidi, inakata mafuta, na gari linasita kana kwamba limegonga ukuta. Sensa yake husoma shinikizo kamili, kwa hiyo huku Nakuru geji huonyesha namba kubwa kabla ukatizo haujatokea. Usiudanganye kwa vali za kuzibia. Ulinzi huo umeokoa pistoni nyingi.

Plagi ziwe za baridi hatua moja kuliko za kiwanda (kwa NGK, namba hupanda: 6 inakuwa 7), mwanya milimita 0.7. Mchanganyiko wa hewa kwa mafuta chini ya tabo uwe karibu 11.5 kwa 1, usomwe kwa kipimo cha waidibendi kinachofungwa kwenye ekzosti. Fundi anayetyuni kwa kusikiliza na kunusa ekzosti mshukuru, mpe chai, kisha tafuta mwingine.

Hatua ya 8: Joto na vumbi

Kuna tabia iliyoenea gareji nyingi: gari likichemka, fundi anatoa themostati na kuitupa. Injini sasa haifikii joto lake, kompyuta inaendelea kumwaga mafuta kama ya asubuhi, oili inakuwa na petroli ndani, na silinda zinalika. Rudisha themostati ya nyuzi 82.

Kifuniko cha radieta ni cha muhimu huku kuliko pwani. Maji Nakuru huchemka kwenye takriban nyuzi 94. Kinachoyazuia ni presha ya kifuniko tu. Sili yake ikiwa imekauka, utachemsha katika foleni huku geji ikionyesha hali ya kawaida. Nunua kipya chenye alama ya 1.1, na tumia kulanti badala ya maji ya bomba.

Udongo wa bonde hili ni majivu ya volkano, laini kama unga. Koni ya chujio iliyo wazi ndani ya boneti inavuta hewa ya moto na vumbi hilo pamoja. Tengeneza kisanduku cha bati kinachoitenga na injini, na bomba lichukue hewa kutoka nyuma ya bampa.

Hatua ya 9: Kusimama na kutoka mzima

Breki za mbele za GT au Glanza, pedi mpya, mafuta ya breki ya DOT 4 yaliyobadilishwa yote. Kiti kimoja cha mbio kilichofungwa sakafuni kwa sahani za chuma chini, mikanda ya pointi nne au zaidi, helmeti, kizima moto kinachofikika ukiwa umefungwa, na swichi ya nje ya kukata umeme.

Rolikeji, fremu ya mabomba inayomlinda dereva gari likipinduka, ndiyo mahali ambapo ubahili unaua. Usikubali mabomba ya maji ya mabati: ni laini, na zinki yake ikichomewa hutoa moshi wa sumu na kiungo kibovu. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, zinataka bomba la chuma la kaboni lisilo na mshono, lililovutwa baridi, na tao kuu liwe la milimita 45 kwa unene wa 2.5, au 50 kwa 2.0. Miguu yake isimame juu ya sahani pana zilizochomewa kwenye bodi. Mwulize mchomeaji akuonyeshe kipande cha bomba kilichokatwa, upime unene kwa vernia kabla hajaanza.

Hatua ya 10: Siku ya kwanza kwenye mstari

Pasha tairi za mbele moto kwa kuzizungusha juu ya maji kidogo, handibreki imevutwa, magurudumu yamenyooka. Sekunde 4 zinatosha. Ukiona moshi mwingi unapoteza mpira na kuipa difu kazi mbaya.

Anza na mizunguko 3,000, achia klachi kwa kuiteleza kidogo, kanyaga mafuta hatua kwa hatua hadi chini. Jaribio linalofuata, 3,500. Panda hivyo hadi tairi zianze kuteleza, kisha rudi nyuma 300. Usiondoke kamwe usukani ukiwa umepinda.

Taa za njano zikiwa tatu zinazofuatana kwa nusu sekunde, ondoka ukiona ya tatu. Ukingoja kijani umeshachelewa. Kuchelewa huko hakubadilishi muda wako wa mita 402, ila mpinzani mwenye gari la polepole anaweza kufika mbele yako. Kwenye mashindano madogo ya bendera, tazama mkono wa mwenye bendera, usitazame kitambaa.

Namba ya kusoma kwanza ni ya mita 18.3 za mwanzo. Sekunde 2.4 ni ya kawaida kwa gari la mbele lenye tairi za mtaani, 2.1 ni kazi nzuri. Kila sehemu ya kumi ya sekunde unayookoa hapo hukurudishia kama 0.15 mwishoni. Kama uwanja hauna vifaa, kifaa cha GPS kinachosoma mara 10 kwa sekunde kinatosha kulinganisha majaribio yako mwenyewe.

Badilisha kitu kimoja kwa kila jaribio. Ukishusha presha, ukaongeza mizunguko na ukapandisha tabo kwa pamoja, muda ukibadilika hutajua ni kipi kimekusaidia.

Kabla ya kuondoka uwanjani, acha injini izunguke taratibu dakika 2 tabo ipoe, kaza nati za rimu kwa spana ya toki hadi nyutoni mita 103, na uchungulie mipira ya sivijointi kama imerusha grisi ndani ya rimu. Kesho yake mwaga oili ya gia boksi kwenye beseni jeupe. Unga wa kijivu ni kawaida ya boksi mpya kwenye kazi. Vipande vinavyoshikika kwa kucha vinatoka kwenye difu au meno ya gia, na boksi hiyo ishuke chini kabla gari halijawashwa tena.